Walinzi wa Mahame ya Buha

Mgeni afikaye Kigoma akauliza habari za mambo ya kale, aghalabu huelekezwa Ujiji. Huko ataonyeshwa mnara wa ukumbusho uliosimamishwa mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, na miembe iliyooteshwa badala ya ule mwembe wa asili uliokufa zamani. Ipo nyumba ya makumbusho, na mahali penyewe pamo mikononi mwa Serikali. Yote hayo ni mema. Walakini Stanley mwenyewe, kabla ya kufika Ujiji, alikata ukingo wa kusini wa nchi ya Waha, na katika kitabu chake ameeleza kwa uchungu jinsi alivyotozwa hongo ya nguo na mkubwa mmoja baada ya mwingine, hata akaona heri aondoke usiku na kupenya msituni kimya kimya asipate kulipa tena. Wakubwa wale waliomtoza walikuwa na nchi yao, sheria yao na mipaka yao. Mkutano wa wageni wawili umepata mnara. Nchi ambayo mmoja wao aliitoroka gizani haikuwekewa ukumbusho wa namna hiyo.

Nchi hiyo ndiyo Buha. Hupanda kutoka kandokando ya ziwa Tanganyika hata nyanda za juu za Manyovu, penye mpaka wa Burundi, ikaendelea kupitia Kasulu mpaka Kibondo. Zamani iligawanyika katika falme kadha wa kadha, na zitajwazo zaidi ni Heru, Luguru, Bushingo, Nkalinzi, Muhambwe na Buyungu. Kila ufalme ulikuwa na Mwami wake, wa ukoo wa Kitutsi, na chini ya Mwami walikuwako watwale walioshika sehemu za nchi. Hakuna hata mmoja kati ya wafalme hao aliyeacha jumba la mawe. Nyumba ya Mwami ilikuwa ya fito na nyasi, kubwa kuliko za raia, nayo ilizungukwa na ua wa miti. Basi mtu aliyezoea magofu ya Kilwa au ya Gedi akija Buha huona milima, migomba na mashamba ya maharage, akarudi zake akisema hakuna cha kuona. Kosa si la macho yake. Amefundishwa kwamba mambo ya kale ni kuta.

Jiwe hukaa hata baada ya wenyewe kuondoka. Msikiti wa Kilwa ulikaa karne nyingi bila imamu, na watafiti walipokuja walizikuta nguzo zake zikingali zimesimama. Nyasi hazina subira hiyo. Katika nchi yenye mvua kama Manyovu, paa la nyasi lisilofanyiwa kazi huanza kuvuja upesi. Fito huliwa na mchwa. Na nyumba ikikosa moto wa ndani na moshi wake, wadudu huishambulia kwa kasi zaidi. Kwa hiyo nyumba iliyokuwa na umri wa miaka mingi katika nchi za Maziwa Makuu haikuwa na unyasi mmoja wa zamani hizo. Lililokuwa la zamani ni umbo lake, mahali pake, na haki ya ukoo fulani kukata nyasi na ya ukoo mwingine kuezeka. Hifadhi ya kitu cha namna hiyo haikuweza kuwa kazi ya mlinzi mmoja mwenye ufunguo. Ilikuwa kazi ya kuita watu, na watu hawakuitwa siku yo yote. Waliitwa wakati wa kiangazi, mavuno yakiisha kuingia ghalani, nyasi zimekauka na njia zinapitika. Hapo palikuwa na kazi, pombe, ngoma na masimulizi ya wazee, na mtu asingeweza kukata kwa kisu akasema hapa kazi imekwisha na hapa sherehe imeanza.

Tena, mbali na mambo ya wafalme, palikuwa na ulinzi mwingine wa kale zaidi, nao ulikuwa mikononi mwa wateko. Hawa walikuwa wakuu wa ardhi, wenye kurithishana kazi yao katika koo zilizokuwapo kabla ya enzi ya watawala wa Kitutsi. Mteko ndiye aliyefungua majira ya kupanda, ndiye aliyempa mgeni ruhusa ya kulima, na ndiye aliyejua mizimu ya mlima fulani na kijito fulani hutaka nini. Gwassa na Mbwiliza walipoandika juu ya Buha mwaka 1976 katika jarida la Tanzania Notes and Records, waliziweka ibada pamoja na uzalishaji mali, wala hawakuzitenga kama mambo ya ushirikina. Michele Wagner naye, katika makala iliyotolewa mwaka 1996, alionyesha jinsi maarifa ya Waha juu ya mazingira yao yalivyofungamana na watu hao. Mteko hakuwa na askari. Kijiti kilichokatazwa kukatwa hakikukatwa kwa sababu kila jirani alijua kimekatazwa, na kila mzazi alimwambia mtoto wake. Huenda huo ndio ulinzi wenye gharama ndogo kuliko wote uliopata kubuniwa; lakini huhitaji jambo moja ambalo fedha haiwezi kulinunua, yaani watu wakae pale pale.

Neno la Kiswahili la mahali palipohamwa ni mahame. Katika Buha, kama ilivyo katika Burundi na Rwanda, mahame ya watu wakubwa mara nyingi hutambulikana kwa miti. Fito mbichi za jamii ya mikuyu zilizopigwa ardhini ziwe ua zilishika mizizi, nazo zikawa miti mikubwa baada ya nyumba kuoza. Hivyo duara la miti mizee katikati ya shamba laweza kuwa ndilo alama pekee ya kitala cha zamani au ya kaburi. Kwa asiyejua, ni kivuli cha ng'ombe na akiba ya kuni. Kwa ajuaye, ni waraka. Tofauti kati ya watu hao wawili ni hadithi tu, na hadithi hiyo ilihifadhiwa kwa kurudi mahali pale kila mwaka na kufyeka.

Haifai, hata hivyo, kupaka rangi nzuri kila kitu. Kazi iliyofanywa katika ua wa Mwami haikuwa hiari tupu. Raia aliyeshikizwa ng'ombe na bwana wake kwa desturi ya ubugabire alijua kwamba akikataa kwenda kujenga huenda akanyang'anywa ng'ombe yule. Mtwale alidai siku za kazi kama alivyodai mtama na pombe. Kisha ukaja utawala wa Wajerumani, na baada yake wa Waingereza, nao wakazitumia desturi hizo hizo kupata vibarua wa barabara na wapagazi. Neno la kujitolea likitamkwa mbele ya mzee aliyekulia katika zama hizo, yamkini atacheka. Lakini ni kosa jingine kusema kwamba yote yalikuwa shuruti. Watu hawaimbi kwa sauti ile, wala hawagombanii heshima ya ukoo wao kushika ngoma, kwa kuogopa fimbo peke yake. Ukweli ni kwamba hiari na shuruti zilisukwa pamoja katika mkeka mmoja, na kwa sababu hiyo shuruti ilipoondolewa, mkeka wote ulifumuka.

Kufumuka huko hakukutokea siku moja. Jambo la kwanza lilikuwa malale. Katika miaka ya 1930 Serikali ya Kiingereza iliwahamisha Waha wengi, hasa upande wa Kibondo, ikawaweka pamoja katika makazi makubwa yaliyofyekwa vichaka ili mbung'o wasikae. Nia ilikuwa kuokoa maisha, na maisha yaliokolewa. Lakini nchi iliyoachwa ilirudi kuwa pori, na mahame yake yakabaki bila wa kuyafyeka. Jambo la pili lilikuwa mkonge. Buha ikawa mojawapo ya nchi za kutolea manamba; tangu mwaka 1944 shirika la kuajiri la wenye mashamba ya mkonge, lililojulikana kwa jina la SILABU, lilichukua vijana kwa maelfu kuwapeleka Tanga na kwingineko. Mtu aweza kuhesabu mishahara iliyorudi nyumbani na baiskeli zilizonunuliwa. Vigumu kuhesabu ni viangazi vilivyopita kijana hayupo, mzee akaelekea mahali pa kazi peke yake akiwa na panga moja.

Heru ilikuwa na Mwami mwanamke katika miaka hiyo. Theresa Ntare alishika utawala mwaka 1946, akapata sifa iliyovuka mipaka ya Kasulu. Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Desemba 1962, Rais Nyerere alitangaza kuanzishwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akisikitika kwamba Waafrika walifundishwa kudharau ngoma na desturi zao. Mwaka uliofuata, 1963, sheria iliufuta utawala wa machifu. Hapakuwa na ukinzani katika mawazo ya viongozi: nchi changa haikuweza kuwa na serikali mbili, na wengi wa raia waliona unafuu. Ila katika Buha matendo hayo mawili yaligongana kwa namna isiyotazamiwa. Wizara ilitaka ngoma zihifadhiwe. Sheria ikaondoa mamlaka iliyokuwa ikiwaita watu kuja kuzitunza. Ngoma ya kifalme isiyo na Mwami ni mtungi wa mti uliowambwa ngozi, na panya hawana habari za wizara.

Miaka hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa miaka mikubwa ya kujitolea. Chini ya wito wa Uhuru na Kazi watu walitoka kwa majembe na karai, wakajenga madarasa, zahanati, visima na barabara, na kazi hizo nyingi zilikuwa za hiari ya kweli. Basi hapakukosekana mikono wala moyo. Kilichokosekana ni mtu wa kusema kwamba kufyeka kaburi la zamani nako ni kujenga taifa. Kujitolea kulielekea mbele. Mambo ya nyuma yaliachiwa wataalamu. Na wataalamu walikuwa na sheria iliyowatazamisha pwani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyoshika mahali pa ile ya kikoloni ya mwaka 1937, ililinda yenyewe kazi za mikono ya watu za kabla ya mwaka 1863. Kipimo hicho kinafaa sana kwa kuta za Kilwa. Nyumba ambayo nyasi zake ni za mwaka jana na umbo lake ni la miaka mia tatu itapimwaje? Ni haki kuongeza kwamba sheria hiyo ilimwachia Waziri mlango wa kutangaza pia mahali pengine penye maana ya kihistoria. Mlango upo, lakini sharti abishe mtu.

Pigo kubwa zaidi lilikuja mwaka 1972 kwa Operesheni Kigoma. Waha walikuwa na desturi ya kukaa mbalimbali, kila mji juu ya mgongo wake wa kilima, migomba yake ikiuzunguka. Sasa walitakiwa wahamie vijiji vilivyopangwa kando ya barabara. Sababu zilizotolewa zilikuwa shule, maji na dawa, na mengi ya hayo yalipatikana, ingawa si kwa wote wala si upesi. Lakini mji wa Mha haukuwa nyumba tu. Wazee wa ukoo walizikwa pale, na migomba ile ilipandwa na babu. Kuhama kwa wakati wa malale kulizigusa sehemu za nchi. Kuhama kwa 1972 na miaka michache iliyofuata kulienea karibu kila mahali. Kwa mara ya kwanza historia yote ya Buha ilikuwa mahali fulani na wenye kuijua wakawa mahali pengine. Mwendo wa saa mbili kwa miguu si mrefu kwa mtu mwenye haja ya shamba. Ni mrefu mno kwa mtu mwenye haja ya kufyeka majani tu.

Mwaka huo huo wa 1972 wakimbizi wa Burundi walianza kuvuka kwa wingi, na baada ya mwaka 1993 makambi makubwa yalisimama katika Kasulu na Kibondo. Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, ilikuwa kubwa kuliko miji mingi ya mkoa. Watu wengi hivyo lazima wapike, na mti ni kuni. Hawakuwa na njia ya kujua upi ulikuwa ua wa nani, wala wenyeji wengi walio vijana hawakujua.

Mfano wa nchi jirani hufaa kuangaliwa hapa. Kasubi, kando ya Kampala, ndiko walikozikwa Makabaka wanne wa Buganda, katika nyumba kubwa ya nyasi iitwayo Muzibu Azaala Mpanga. Shirika la UNESCO liliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, si kwa uzee wa nyasi zake bali kwa sababu desturi za kuitunza zilikuwa hai: ukoo wa Ngeye uliezeka, ukoo wa Ngo ulipamba kwa nguo za magome, na wanawake wenye kuvaa nafasi za wajane wa Kabaka walikaa zamu ndani yake. Tarehe 16 Machi 2010 nyumba iliteketea. Majonzi yalikuwa makubwa, na ndipo lilipotokea tatizo ambalo moto ulilifichua tu. Fedha ingeweza kupatikana. Mabingwa wa kuezeka kwa namna ile walikuwa wachache, na vijana walipaswa kufundishwa. Tangu mwaka 2013 Katikkiro wa Buganda alizunguka nchini kwa mchango ulioitwa Ettoffaali, neno ambalo msomaji wa Kiswahili halihitaji kufasiriwa, na watu wa kila hali walitoa. Mwaka 2023 Kasubi iliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Yafaa ikumbukwe kwamba Uganda nayo ilifuta falme zake, mwaka 1967, isizirudishe mpaka 1993. Katika miaka hiyo 26 Kasubi haikuwa na Kabaka juu ya kiti. Ilikuwa na koo zilizoendelea kujua wajibu wao. Karibu zaidi na Manyovu iko Gishora, katika Burundi, ambako ngoma za kifalme bado hupigwa na watu wa koo zilizozirithi. Ngoma hizo ziliandikwa na UNESCO mwaka 2014, na lugha ya nyimbo zake Mha huielewa bila mkalimani.

Tanzania nayo imejaribu njia yake. Makumbusho ya Kijiji ya Dar es Salaam, yaliyoanzishwa katika miaka ya 1960, yalikusanya nyumba za makabila mbalimbali katika uwanja mmoja, na tangu miaka ya 1990 yamekuwa na siku za utamaduni ambapo watu wa kabila fulani wakaao mjini huja wenyewe, wakapika vyakula vya kwao, wakacheza na kuwaeleza wengine desturi zao. Hapo nyasi na sherehe zimekutana tena, na ni jambo la kupongezwa. Lakini nyumba iliyo kando ya barabara ya Bagamoyo haiwezi kuonyesha kaburi lililo Heru.

Kwa hiyo kazi iliyosalia ni ya watu wa mahali penyewe, na vyombo vya kuifanya havikosekani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na ile ya Misitu ya mwaka 2002 zinaviwezesha vijiji kutenga misitu yao na kuisimamia, na halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo zikubaliwe na mkutano wa kijiji na wilaya. Kijiti cha mikuyu chaweza kulindwa kwa njia hiyo bila kungoja mtaalamu. Yaliyo magumu ni mengine. Waumini wengi wa Kikristo, katika nchi ambayo sasa ina makanisa kila kilima, huona kwamba kufyeka penye mizimu ni kurudia ibada ya mizimu, na shaka yao si ya kudharauliwa. Yapasa waelezwe kwamba kutunza kaburi si kuliomba. Wajukuu wa wale waliopewa ng'ombe kwa ubugabire wana haki ya kuuliza kwa nini watoe siku yao kwa ajili ya ua wa bwana wa babu yao. Jibu pekee lenye heshima ni kwamba mahali pa wateko, na mahame ya raia wa kawaida yaliyoachwa mwaka 1972, yatunzwe pamoja na ya Bami, na kwamba ubugabire wenyewe usimuliwe pale pale bila kufichwa. Na shuruti isirudi kwa mlango wa nyuma. Mtendaji akitoza faini kwa asiyekwenda kufyeka, watu watafyeka mwaka mmoja, kisha watachukia mahali penyewe.

Mambo haya yana haraka kuliko yanavyoonekana. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 alipobeba mlango wa nyumba yake kwenda kijijini mwaka 1972 amekwisha kupita 70. Akipelekwa mlimani wakati wa kiangazi, aweza kusimama penye mikuyu mitatu katika shamba la muhogo lililo la mtu mwingine, akaonyesha kwa fimbo mlango wa ua ulipoelekea, jikoni palipokuwa, na upande aliolazwa babu yake. Mwanawe, aliyezaliwa kando ya barabara, analijua jina la mlima.